Mfundishe kijana ramani kwa karatasi tupu na vidole

Kazi yangu ni kufuatilia makontena. Asubuhi nafungua orodha ya meli, naangalia ipi imetia nanga, ipi iko njiani, ipi imechelewa na imecheleweshwa na nini, kisha nawapigia simu wenye mizigo. Kwa kazi hii, asiyejua ramani hawezi kumweleza mteja chochote zaidi ya "subiri". Ndiyo maana nilikasirika siku binti wa kaka yangu, mwenye miaka 17, aliponiuliza Bahari ya Shamu iko wapi. Nilimrudishia swali: wewe unadhani iko wapi? Akajibu, "Basi shangazi, acha tu, simu itaniambia."

Nikaanza yale maneno ambayo kila mtu wa umri wangu anayajua. Enzi zetu tulikariri miji mikuu yote. Enzi zetu mwalimu akikutaja unasimama unataja mito. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kiburi, halafu akaniuliza mji mkuu wa Kazakhstan. Nikasema Almaty. Akanionyesha simu: Astana, tangu mwaka 1997.

Usiku ule nilichukua kalamu nikaandika nilichokariri shuleni ambacho hakipo tena. Zaire. Upper Volta, ambayo ni Burkina Faso tangu 1984. Chekoslovakia, iliyogawanyika 1993, mwaka uleule Eritrea ilipopata uhuru. Sudan moja, kabla ya Julai 2011. Swaziland, iliyojiita Eswatini mwaka 2018. Lagos kama makao makuu ya Nigeria, ilhali Abuja ilishika nafasi hiyo 1991. Orodha ilijaa ukurasa. Nilichokuwa nakiita elimu yangu ya jiografia kilikuwa picha ya dunia ya siku moja, na siku hiyo imepita. Binti yule hakuwa na picha, lakini alikuwa na njia ya kuipata habari mpya. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu.

Tangu hapo nimemfundisha yeye, na vijana wawili walioajiriwa ofisini kwetu, na njia ninayoeleza hapa ndiyo iliyofanya kazi. Inataka karatasi, penseli, atlasi moja ya hivi karibuni na dakika 15 kwa wiki.

Kabla ya penseli, ulimi

Acha "enzi zetu". Siyo kwa sababu ni uongo. Maneno hayo yanamwambia kijana kwamba mashindano yameshakwisha na yeye ameshindwa, na aliyeshindwa hana sababu ya kuanza. Badala yake, kaa mezani, chora wewe kwanza, mbele yake, bila kuangalia popote, na umwache aone mkono wako unavyosita. Mimi nilichora Afrika, nikaifanya pembe yake ya mashariki kuwa fupi mno. Aliiona kabla yangu. Baada ya hapo akachukua penseli mwenyewe.

Na usimsomee takwimu za vijana wasiojua. Ziko, na baadhi zinatisha. Uchunguzi wa National Geographic wa mwaka 2006 uliwakuta Wamarekani 63 katika kila 100 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 wakishindwa kuionyesha Iraq kwenye ramani, na nchi yao ilikuwa vitani kule kwa miaka mitatu. Watu huitumia habari hii kuwacheka vijana. Mimi naisoma hivi: jina la Iraq walilisikia kila siku, na kusikia jina hakumpi mtu mahali. Anayekaa mbele ya taarifa ya habari miaka mitatu bila kushika penseli atabaki palepale, awe na miaka 20 au 60.

Kuichora Afrika kwa vidole

Naanza na Afrika kwa sababu Ikweta inaikata karibu katikati, na kwa hiyo ni bara rahisi kuliko yote kupimwa. Laza karatasi kwa upana. Ikunje katikati, kunjo likae mlalo kutoka kushoto kwenda kulia. Kunjo hilo ni Ikweta. Sasa chora mstari wa wima, upana wa vidole vitatu kutoka ukingo wa kushoto. Huo ni mstari wa Greenwich, longitudo sifuri. Mistari hiyo miwili inapokutana, mwulize kijana: hapa ni nchi gani? Wengi husema Ghana. Si nchi yoyote, ni bahari tupu katika Ghuba ya Guinea. Ghana iko juu kidogo, nusu kidole hivi.

Kanuni ni moja: upana wa kidole kimoja ni nyuzi 10. Kila mtu atumie kidole chake, ramani itatoka kubwa au ndogo lakini umbo halitabadilika.

Kutoka kwenye makutano, hesabu karibu vidole viwili kushoto, kisha kimoja na nusu juu. Weka nukta. Hapo ni Dakar, ncha ya magharibi. Rudi kwenye makutano, hesabu vitano kulia na kimoja juu: Ras Hafun, Somalia, ncha ya mashariki. Rudi tena, kimoja kulia na karibu vinne juu: Tunisia, ncha ya kaskazini. Mwisho, viwili kulia na vitatu na nusu chini: Rasi ya Agulhas. Hapa vijana hubisha, kwa kuwa wengi wameambiwa ncha ya kusini ni Rasi ya Tumaini Jema. Fungueni atlasi pamoja mwone. Agulhas imeshuka zaidi.

Nukta nne tayari. Zinahitaji mbili zaidi ili pwani ya magharibi ipate umbo. Kutoka Dakar mstari unashuka ukiinama kulia hadi mpaka wa Liberia na Ivory Coast, nusu kidole juu ya Ikweta na kama robo tatu ya kidole kushoto kwa Greenwich. Kutoka hapo unakwenda karibu sambamba na Ikweta hadi Kamerun, kidole kimoja kulia, na hapo ndipo unapogeuka ghafla kushuka kusini. Kosa la kawaida, nami nililifanya, ni kuuteremsha moja kwa moja kutoka Dakar kana kwamba bara ni pembetatu. Ukishapata kona ya Kamerun umeipata Afrika. Baki ya mistari unganisha kwa mkono mwepesi, na kule kaskazini mashariki acha mwanya mwembamba kati ya bara na Rasi ya Uarabuni. Mwanya huo ndio Bahari ya Shamu, ile iliyoanzisha ugomvi wetu.

Kidole kimoja cha kwenda juu au chini ni kilomita 1,110 hivi, kwa sababu uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111. Mwache kijana ahesabu mwenyewe: kutoka Tunisia hadi Agulhas vidole saba na kidogo, yaani kama kilomita 8,000. Nakumbuka yule binti alivyoangalia kidole chake alipopata jibu hilo. Aliuliza mara mbili kama kweli.

Kisha apitishe kidole juu ya kunjo, kutoka kushoto kwenda kulia, akitaja nchi, ukiacha visiwa: Gabon, Kongo ya Brazzaville, Kongo ya Kinshasa, Uganda, Kenya, Somalia. Atataka kuiweka na Guinea ya Ikweta kwa sababu ya jina. Mwache aiweke, halafu aitafute kwenye atlasi. Ikweta inapita baharini katikati ya sehemu zake, kati ya bara na kisiwa chake cha Annobón, bila kugusa nchi kavu yake hata kidogo. Kosa la namna hii akilifanya mara moja hatalirudia.

Andika tarehe nyuma ya karatasi, weka ndani ya faili. Wiki inayofuata chora tena kutoka kichwani. Usifute ya zamani.

Swali la "kwa nini hapa?"

Umbo peke yake halikai kichwani bila sababu. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama kukingama katika Mfereji wa Suez, na haikutoka hadi tarehe 29. Simu za ofisini hazikupumzika. Kijana mmoja mgeni kazini akaniuliza, "Kwani hawawezi kupita njia nyingine?" Nilitaka kumkemea, kisha nikaona kuwa manahodha nao walikuwa wakijiuliza swali hilohilo saa ile. Nilimpa karatasi: chora. Alipopitisha kidole kutoka Ulaya, akashuka pwani yote ya magharibi hadi Agulhas, akapanda tena upande wa pili, alielewa kwa nini baadhi ya meli zilijiunga na safari hiyo inayoongeza siku 10 au zaidi, na kwa nini nyingine ziliona heri kungoja. Mwisho wa 2023, mashambulizi dhidi ya meli yalipoanza katika Bahari ya Shamu na kampuni zikaanza kuzunguka kusini, yeye ndiye aliyewaeleza wateja. Mimi sikufungua mdomo.

Kwa hiyo kila wiki chukua tukio moja ambalo kijana mwenyewe amelitaja, si ulilochagua wewe, na uulize: kwa nini limetokea hapa na si pengine? Likiwa la mpira, sawa. Likiwa la mwanamuziki, sawa. Kama hana, mpe kitendawili. Mimi humpa hiki: meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki kwa Mfereji wa Panama, inaelekea upande gani? Kila mtu husema magharibi. Inaelekea kusini mashariki, maana nchi ile imejipinda kama mkia. Au humpa Aral, ziwa la Asia ya Kati: katika atlasi niliyosomea ilikuwa miongoni mwa maziwa manne makubwa kuliko yote duniani. Leo imebaki vipande, baada ya maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960. Weka atlasi kuukuu kando ya picha ya setilaiti na umwache aangalie.

Simu iwe shahidi

Wazee wengi huifukuza simu mezani. Mimi ninaiacha, kwa sharti moja: kisia kwanza, andika, ndipo ufungue. Aliyekisia vibaya analishika jibu. Aliyefungua tu atalisahau kabla skrini haijazima.

Mipangilio nayo ina maana. Ramani ya simu unapoendesha au kutembea huzunguka ili njia yako iwe juu daima, na mtu anaweza kuishi hivyo mwaka mzima asijue kaskazini iko upande gani. Ibadilishe ili kaskazini ikae juu, na iache hivyo.

Halafu mwonyeshe simu inapodanganya. Kwenye programu inayolaza dunia, vuta ramani hadi ionekane yote: Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Eneo la Afrika ni kama kilomita za mraba milioni 30, la Greenland ni milioni 2 na kidogo, tofauti ya mara 14. Mpe mpira na karatasi, mwambie aufunike bila karatasi kukunjamana. Hataweza, na atakuwa amelielewa tatizo la kila mchora ramani. Mchora ramani Mercator alilitatua mwaka 1569 kwa faida ya mabaharia: kwenye ramani yake, mstari ulionyooka ni mwelekeo uleule wa dira safari nzima. Gharama yake ni kutanua nchi zilizo karibu na ncha.

Kuhusu kukariri, hapo nasimama na wazee wenzangu. Kuna mambo lazima yakae kichwani: mabara, bahari kuu, Ikweta na tropiki mbili (ya Kansa na ya Kaprikoni), milango ya bahari mitatu minne ambayo biashara ya dunia inapita, na nchi zote zinazopakana na yako. Simu inajibu ulichouliza, haikwambii kwamba umeuliza vibaya. Tuliwahi kupokea hati iliyoandikwa "Guinea" tu. Ziko Guinea, Guinea-Bissau, Guinea ya Ikweta na Papua New Guinea. Aliyesafirisha alimaanisha moja, aliyejaza alichagua nyingine kwenye orodha ya kompyuta, na mzigo ulikaa bandarini wiki tatu. Mwenye ramani kichwani angeshtuka alipoona tu jina la bandari.

Mwisho, badilishaneni. Wiki moja mimi namfundisha, wiki nyingine yeye ananifundisha kitu kilichobadilika tangu nilipoacha shule, na siruhusiwi kusema "hilo nalijua". Alinifundisha miji mikuu mipya, Gitega ya Burundi na Naypyidaw ya Myanmar. Niliziandika kwenye daftari, nikaziweka kwenye mchoro wangu uliofuata, Naypyidaw ikaangukia Thailand. Alinisahihisha kwa penseli nyekundu, akaandika tarehe nyuma.

Wiki iliyopita alichora mchoro wa saba. Alifika kwenye Pembe ya Afrika, akasita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia. Akalaza kidole kwenye karatasi, akahesabu vitano, akaendelea kuchora.