Wikiendi kwa miguu Mji Mkongwe, Unguja: potea, lakini kwa mpango

Kila nikipata wageni kutoka bara swali la kwanza ni hilohilo, "tutazungukaje?", na jawabu yangu ni moja tu, kwa miguu bwana, maana vile vichochoro gari haiingii na hata vespa inapita kwa kugombana na watu.

Kabla hujaanza weka picha hii kichwani. Mji Mkongwe umekaa kama ncha iliyoingia baharini, pande mbili pwani, upande wa tatu ndo barabara kubwa ya Darajani, ambapo zamani palikuwa na mkono wa bahari na daraja lake (jina limetoka hapo) na ng'ambo yake ndo Ng'ambo. Kwa hiyo ukipotea, na utapotea, chagua upande mmoja nyoosha tu, baada ya muda mfupi utatokea ama baharini ama Darajani. Simu usiitegemee sana, kuta nene, njia nyembamba, ile doti ya ramani itakwambia uko ndani ya sebule ya mtu. Mimi mzaliwa wa hapahapa, ila wa Ng'ambo, niliwahi kuzunguka Kiponda na mgeni wangu tukampita bibi mmoja kakaa barazani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akacheka, "wanangu, mnatafuta nini khasa?" Nyumba tunayoitafuta ilikuwa mlango wa nyuma yake. Toa salamu kwanza halafu uliza mtaa, Shangani, Hurumzi, Sokomuhogo, Malindi, watu hawajui majina ya barabara na hawana haja nayo.

Saa nazo. Tembea asubuhi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne hivi, halafu tena baada ya alasiri. Mchana jua kali, maduka mengi yamefungwa kwa sala na chakula, na wewe lala. Ukija Ijumaa jua kwamba wakati wa sala ya Ijumaa mji unasimama, usipange kitu.

Boti inakushusha Malindi, na kama begi lako jepesi usichukue teksi, fuata pwani tu kwa mguu. Utapita Dispensari ya Zamani, lile jumba la Tharia Topan lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, halafu Mti Mkubwa, halafu kasri ya masultani, halafu Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa 1883 enzi za Sultan Barghash. Hii sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, wawili wakafariki, mpaka leo nikipita naona kama mtu kang'olewa jino la mbele. Pembeni yake Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno, na mbele bustani ya Forodhani. Mstari mmoja, huwezi kupotea, ndo maana naanzia hapo.

Jumamosi asubuhi nenda Mkunazini mapema kabla ya makundi. Hapo ndo palipokuwa soko la watumwa, likafungwa 1873, na mwaka huohuo Waingereza wakaanza kujenga kanisa la Anglikana juu yake chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Kuna kiingilio. Usipange kupita haraka na usipige selfi kwenye zile sanamu zilizofungwa minyororo, tafadhali sana. Ukitoka hapo kaa kimya kidogo, soko la Darajani liko karibu, kelele zake na harufu ya samaki zitakurudisha.

Kutoka Darajani ingia ndani bila ya mpango wowote, na kazi yako iwe kuangalia milango. Yenye vibao vinavyokunjwa na njumu za shaba ni ya Kihindi, hadithi zinasema njumu hizo huko kwao zilikuwa za kuzuia tembo (tembo Unguja wapi jamani!), na ya Kiarabu utaijua kwa mbao ya juu iliyojaa michongo na maandishi. Gusa kwa macho, ni nyumba za watu. Ukikutana na vijana wanaokuganda eti wakutembeze, hao sisi tunawaita papasi, wambie ahsante kwa upole uendelee, ukitaka mtembezaji kweli mtake kitambulisho.

Ukichoka tafuta Jaws Corner. Hapo kuna baraza, kahawa chungu ya vikombe vidogo na kashata, na wazee wanabishana siasa na mpira, kaa usikilize, usichangie siasa mpaka ukaribishwe. Beba chenji.

Magharibi rudi Forodhani kuona watoto wanavyojirusha baharini kutoka ukutani, usiku meza za chakula zinawashwa taa. Hapa nina ushauri mmoja tu ila mkubwa, uliza bei kabla hujashika sahani. Samaki na pweza waliopangwa mezani sijui tangu saa ngapi mimi siwagusi, nachukua urojo, ile supu yetu nzito ya ndimu, pahala penye foleni ya wenyeji, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, huu mji wa watu wanaoishi. Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Februari kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara vyumba vinajaa, buku mapema.

Jumapili nakuachia Hamamni, mabafu ya umma ya Barghash, na Shangani kwa wanaotaka kuona alipokaa Freddie Mercury. Halafu bandarini. Begi la magurudumu lakini libebe begani, ukilivuta kwenye yale mawe mtaa mzima utajua unaondoka.