Kabla hujalipia faili la jeshi au la mirathi la Muayalandi wako

Usianzie Dublin. Mtu akishasikia kwamba babu wa babu wa mumewe alitoka Ayalandi, haraka anakimbilia nyaraka za huko, na huko ndiko anakopotelea. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa na siku mbili tu tangu vianze, ofisi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya jengo la Four Courts iliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote, na wosia asilia pamoja nazo. Za 1861 hadi 1891 hata moto haukuzikuta, maana serikali yenyewe ilikwishaziharibu. Sensa kamili zilizosalia zinaanzia 1901. Sasa aliyepanda meli mwaka 1849 akikimbia njaa utamtafutia wapi? Mtafutie Marekani alikofia, kwenye karatasi za jeshi na za mahakama.

Kabla hujatoa hata senti, uwe na haya: jina lake katika kila namna linavyoweza kuandikwa (O'Sullivan, Sullivan, Sulivan, kwa sababu karani aliandika alichosikia na mwenyewe mara nyingi hakujua kusoma), mji na kaunti alikoishi, mwaka aliofariki, na jina la mkewe. Bila jina la mke usisogee. Akina Patrick Murphy walikuwa wengi mno kwa jina peke yake kukusaidia.

Jua alipigania upande gani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, wazaliwa wa Ayalandi wapatao 150,000 walikuwa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, na mafaili yao yako hifadhi ya taifa, Washington. Waliokuwa upande wa Kusini walilipwa pensheni na majimbo, kwa hiyo ulizia kwenye hifadhi ya jimbo husika. Aliyetumikia jeshi la Uingereza kabla ya kuhama, tafuta hati yake ya kuachishwa kazi kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, kule Kew, London. Nyingi zinataja hadi parokia aliyozaliwa. Ulizia pia habari za moto kabla ya kulipa. Mabomu ya Wajerumani ya 1940 yaliteketeza mafaili mengi ya askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza, na moto wa Julai 1973 kwenye ghala la mafaili ya jeshi la Marekani, St. Louis, ulikula takriban asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na mwanzo wa 1960.

Halafu usichanganye faili la utumishi na la pensheni. La utumishi ni jembamba: alikuwepo, hakuwepo, alilazwa, urefu wake, alizaliwa "Ireland", basi. Utamu uko kwenye pensheni ya mjane. Sheria ya Marekani ya 1862 ilimtaka athibitishe kwamba ndoa ilikuwa halali. Kama walifungia ndoa kijijini kabla ya safari, ilibidi aandike kwa padri apate cheti, au awalete majirani waape kwamba walikuwepo siku hiyo. Utakuta kiapo cha mama asiyejua kuandika, chini ameweka alama ya X, na katikati ya maelezo jina la parokia limekaa tu linakusubiri. Agiza faili zima, siyo kurasa chache ulizochaguliwa. Na kama mjane aliolewa tena, usikate tamaa: yeye alipoteza pensheni, lakini watoto walio chini ya miaka 16 waliweza kuipata kupitia mlezi, kwa hiyo tafuta na jina la mlezi.

Sasa mirathi, ambako watu huumia. Kuna dada yetu anayeishi Massachusetts, ameolewa kwenye ukoo wa Kiayalandi. Mama mkwe alishikilia kwamba kwao ni kaunti ya Kerry. Wakaangalia mirathi ya babu mhamiaji: hakuacha wosia wala mali. Wakapata ubatizo huko Kerry, jina lile lile, mwaka unakaribiana, wakakata tiketi familia nzima. Mama mkwe alilia mlangoni pa kanisa, picha ikapigwa, ikawekwa sebuleni.

Hakuna aliyekuwa ameuliza kama babu alikuwa na ndugu asiye na mtoto. Alikuwepo dada yake, mtumishi wa ndani Boston maisha yake yote, hakuolewa, akafa na akiba benki bila wosia. Mtu wa namna hiyo ni hazina. Kwetu mahakama mara nyingi hudai muhtasari wa kikao cha ukoo. Kule kikao hakikuwepo, lakini aliyeomba usimamizi wa mirathi alitakiwa kuorodhesha warithi wote, uhusiano wao na makazi yao. Nimeiona fomu yenyewe. Mstari wa kwanza, kaka, ndiye babu yao. Mstari wa pili: dada, mjane, Skibbereen, Ayalandi. Skibbereen iko kaunti ya Cork, siyo Kerry. Ndani ya bahasha hiyo hiyo kulikuwa na risiti ya dada huyo kukiri amepokea fungu lake. Picha bado iko sebuleni, na mama mkwe hajaambiwa mpaka leo.

Kwa hiyo tafuta mirathi ya kila kaka, dada na shangazi, hasa waseja. Na ukifika masjala usiridhike na kitabu cha wosia, ambamo karani alinakili wosia tu. Omba jalada lenye karatasi zenyewe: ombi, dhamana, orodha ya mali, risiti. Usipolitaja, unaweza usiletewe.

Ukishapata parokia, hapo sasa vuka bahari. Daftari la Griffith, la ukadiriaji wa ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, 1847 hadi 1864, linataja wakuu wa kaya kitongoji kwa kitongoji. Vitongoji vinazidi 60,000 na majina yanajirudia, kwa hiyo shika parokia na kaunti pamoja. Wosia nyingi ziliungua, lakini orodha za kila mwaka za mirathi kuanzia 1858 zimebaki: jina, makazi, tarehe ya kufa, thamani ya mali.

Mti wa ukoo uliochorwa na mtu mwingine mtandaoni, usinakili kabla hujaona karatasi. Kama lengo ni pasipoti ya Ayalandi, kwa kawaida wanataka babu au bibi aliyezaliwa kisiwani. Wa enzi za njaa ni mbali mno. Na anayekuuzia nembo ya ukoo wa Murphy ndani ya fremu, mwache apite, nembo hizo hupewa mtu na kizazi chake, siyo kila mwenye jina.