Somo: Simu iite kwa ajili ya mtu, si programu

Wapendwa, wengi wetu hapa Moshi hatuwezi kuzima simu tukakaa kwa amani. Mteja wa Mbuyuni anapiga, meseji ya hela inaingia, mzee Kibosho anauliza kama hiace imeshaondoka. Kwa hiyo sisemi tuziache. Tuamue tu nani ana ruhusa ya kutukatiza.

1. Kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, kisha Arifa, upitie programu moja moja. Acha simu, meseji za kawaida na huduma za pesa. Facebook, TikTok, magemu, zima arifa zote. Hazifutiki, utaziona ukizifungua mwenyewe. Hatua hii ndiyo kazi yenyewe, msiiruke.

2. WhatsApp ndiko siku inakopotelea. Kamati ya harusi, ukoo, kikoba, mliosoma pamoja: kila "Amina" na "Hongera" inalia mfukoni. Bonyeza jina la kundi bila kuachia, gusa alama ya kunyamazisha, chagua Daima. Hakuna atakayejua, na mchango utautoa kama kawaida.

3. Una kazi inayotaka utulivu? Zima data. Kupigiwa utapigiwa, na M-Pesa ya *150*00# inafanya kazi bila bando.

4. Usiku ichaji sebuleni.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nauza vitenge, wateja wangu wote wako WhatsApp. Nitazimaje arifa zake?

Marahaba. Tumia WhatsApp Business, ina ujumbe unaojituma wenyewe mteja akikuandikia. Andika: "Najibu saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Kama ni haraka, nipigie." Watazoea.

Mama yangu anaumwa, yuko Rombo. Nikiiacha sebuleni akizidiwa je?

Pole sana dada. Wewe lala nayo karibu. Washa Usinisumbue, ruhusu simu za watu uliowawekea nyota tu. Mwekee mama nyota, na jirani yake pia, maana mgonjwa akizidiwa mara nyingi jirani ndiye anayepiga. Ruhusu na wanaorudia kupiga: mtu akipiga tena ndani ya dakika 15, inaita. Ijaribuni mchana kwanza.

Arifa nimezima, lakini TikTok naifungua mwenyewe.

Kwenye Mipangilio, pale panapoonyesha muda unaotumia simu, iwekee kikomo cha dakika. Zikiisha inajifunga mpaka saa sita usiku. Ukijikuta unaongeza dakika kila siku, kaka, iondoe kabisa.