Kabla ya mechi ya kriketi ya Jumamosi: mambo ya kuzingatia

Mechi zetu za kriketi ya ridhaa hapa Kent, Uingereza, huanza saa saba mchana Jumamosi. Kwangu mimi huanza Jumanne usiku, simu ikiwa mkononi. Huu ni msimu wa nne napanga kikosi cha tatu cha klabu ya kijijini, na haya ndiyo ningependa Mswahili mwenzangu anayejiunga na klabu kama yetu ayajue mapema.

La kwanza ni watu. Kriketi inataka wachezaji 11, na pengo la mmoja halifichiki kama kwenye soka, ambako kiungo akijituma zaidi mambo yanakwenda. Uwanja ni mpana, na mpira ukipita pale pasipo na mtu ukafika mpakani ni mikimbio minne, yaani alama nne kwa wapinzani. Kwa hiyo ukiulizwa kama utapatikana, jibu siku hiyohiyo. "Nitaangalia" ni jibu baya kuliko "hapana", maana nahodha anabaki anakusubiri wewe mpaka Ijumaa usiku, na kufikia hapo kila mtu keshapanga mambo yake. Mwaka jana tuliwahi kuingia uwanjani tukiwa tisa. Kijana wetu wa miaka 14 alishinda mchana kutwa akikimbia mpakani kufidia nafasi za watu wawili, na mpaka leo nikimkumbuka alivyokaa chini mwishoni, jasho linamchuruzika, naumia.

Na ujue unachokubali. Mechi ya ova 40 kila upande (ova moja ni mipira sita inayorushwa) ni mipira 240 kwa kila timu, bila kuhesabu ile inayorudiwa kwa kurushwa vibaya. Ukitoka nyumbani saa tano asubuhi, usitarajie kurudi kabla ya saa mbili usiku. Jua la Juni huku linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mchezo hautakatizwa na giza. Nyumbani waambie ukweli huo kabla, wasikusubiri na chakula cha jioni.

Kuhusu vifaa, begi la klabu huwa na pedi za kukinga miguu, glavu na magongo ya kuazima, yanatosha kuanzia. Boksi, yaani kile kikinga cha nyeti, nunua lako. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ni mgumu kama jiwe. Kofia ngumu yenye wavu wa uso ni lazima kwa kila aliye chini ya miaka 18 anapopiga, au anapokuwa mdakaji wa nyuma ya wiketi (vile vijiti vitatu) akiwa amesimama karibu nayo. Mwongozo wa bodi ya kriketi ya Uingereza na Wales haukubali hata barua ya mzazi inayomruhusu mtoto kucheza bila kofia. Mzazi akija kukuomba umwachie mwanawe "mara hii tu", mkatalie kwa upole, lakini mkatalie.

Ukinunua gongo jipya, usilipeleke mechini wiki hiyohiyo. Mti wake, wilo, ni laini, na mpira mgumu ukigonga ukingoni unaupasua. Lipake mafuta ya kitani kidogo usoni na kingoni, lilaze usiku mzima, kisha anza kuligonga kwa nyundo ya mbao: taratibu mwanzoni, halafu kwa nguvu zaidi, kingo ukizipiga kwa mshazari ili ziviringike. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa, igawe kwa siku. Mimi huifanya jioni kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, na sikio ndilo linaloniambia nimefika wapi. Siku ya kwanza sauti huwa butu, kama unapiga gunia. Baadaye inakaza na kuwa kavu, na gongo linaanza kuirudisha nyundo mkononi.

Mkiwa wenyeji, fikeni mapema. Mistari inachorwa upya kwa chokaa: kati ya wiketi na wiketi ni mita 20.12, na mstari wa mpigaji uko mita 1.22 mbele ya vijiti. Vuteni uzi kwanza, kwa sababu mstari uliopinda huzua ugomvi wa nani katoka na nani hakutoka. Nahodha awe na orodha ya wachezaji imeandikwa kabla ya kurusha sarafu, na sarafu hurushwa kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo, si baada ya hapo.

Jambo linalowashtua wageni: kwenye ngazi yetu hakuna mwamuzi wa kulipwa, hivyo timu inayopiga hutoa waamuzi na mwandishi wa alama. Soma sheria za msingi kabla, zamu itakufikia. Ukiwa mwamuzi, okota kokoto sita za kuhesabia mipira ya ova. Kila mpira ukirushwa, hamisha moja kutoka mfuko huu kwenda ule.

Uliza pia habari ya chakula. Zamani mwenyeji aliandaa chai na sandwichi katikati ya mechi, lakini tangu 2020, wakati wa korona, ligi nyingi zimeacha kulazimisha hilo. Kama unakula halali tu, beba chako. Na ukiwaletea wenzako sinia la sambusa, halirudi na kitu. Beba maji mengi, na mafuta ya kujikinga na jua hata kama ngozi yako ni nyeusi.

Mwisho, njia. Huku msimbo mmoja wa posta, ukiuingiza kwenye ramani ya simu, unaweza kukupeleka upande wa shamba usio na mlango, kwa hiyo omba jina la barabara yenye geti. Na mvua ikinyesha usiku, nahodha mwenyeji aende kuukanyaga uwanja asubuhi na ampigie mwenzake kabla ya saa nne, wakati gari la kwanza la wageni halijaondoka.