Farasi hakuna, panda baiskeli: kuzunguka vijiji vya Newala

Wageni huniuliza kama Newala, mkoani Mtwara, kuna farasi wa kukodi. Hakuna. Huku kusini kuna mbung'o, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza huua farasi. David Livingstone alishuka Mikindani mwaka 1866 na ngamia, nyati wa India, baghala na punda, aone kama watastahimili mbung'o wa upande wa mto Ruvuma. Wengi walifia njiani. Basi panda baiskeli. Mimi ni fundi wa baiskeli, najua nitavutia kwangu, lakini kwa mwendo huo utasalimiwa kila nyumba, na ukisalimiwa ndipo unapokaribishwa.

Chukua Phoenix ya kawaida, yenye keria. Baiskeli za gia nyingi zinapendeza, ila ikikatika kitu kijijini hupati spea. Kagua breki kwanza, kisha spoku. Beba pampu, viraka, solusheni na tyubu moja. Njia za huku juu ni mchanga: ukifika penye mchanga mzito punguza upepo kidogo kwenye tairi, na ukizama shuka usukume, hata wenyeji wanasukuma. Maji beba ya kutosha. Juu ya uwanda wa Makonde mito hakuna, na miaka mingi akina mama walikuwa wakishuka bondeni kuyafuata, kwa hiyo usiombe ndoo ya kuogea kama unaomba moto.

Njoo kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Alfajiri utakuta watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Funga kitambaa puani, macho yatawasha kidogo. Ukija Oktoba, mabibo, matunda ya mikorosho, yamejaa chini ya miti. Kula, lakini maji yake yakidondokea shati jeupe, doa halitoki. Korosho mbichi usiing'ate kabisa, mafuta ya ganda yanababua midomo. Na uraka utakaoletewa kwenye kikombe ni pombe ya hayo mabibo: tamu, inateleza, na safari ya kuteremka mlima bado unayo.

Miezi hiyo ya kiangazi, baada ya mavuno, ndiyo ya jando na unyago. Hapa naomba unisikilize vizuri. Ukifika kijiji chochote anzia ofisi ya kijiji, saini kitabu cha wageni, useme umekuja kufanya nini. Ukisikia ngoma porini usiifuate. Kumbi, kambi ya jando, si mahali pa mpita njia, na kama hujapitia jando hutaelezwa chochote, hata ungetoa hela. Subiri siku wali, yaani vijana waliokuwa wakifundwa, wanapotoka. Siku hiyo ni ya wote: wali wamevalishwa nguo mpya, shangazi wanawatuza noti, ngoma ya sindimba inachezwa vumbi linatimka. Nawe tuza, hata noti ndogo, umpe mwali mwenyewe mkononi. Picha omba kwa wazazi. Simu ikae mfukoni mpaka uambiwe ndiyo. Wazee uwape shikamoo zao kabla hujauliza lolote, hasa bibi mwenye chale usoni, ambaye amechoka kutazamwa kama kinyago.

Njiani nunua ming'oko, viazi pori vya huku. Inachimbwa porini, inachemshwa na chumvi, ukimenya ganda linatoka na vidole vinabaki na utelezi. Mimi naila na chai ya rangi.

Shimo la Mungu, genge kubwa ukingoni mwa uwanda, nenda asubuhi ukungu ukishapanda. Liko karibu na mjini. Ukisimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Baiskeli iache juu. Ukitaka kushuka, shuka na mwenyeji, kwa miguu.

Ukichoka, mabasi ya Mtwara na Masasi hubeba baiskeli juu. Patana na konda kabla haijapandishwa, maana ikishafungwa kamba bei anapanga yeye. Pedali zifungue uziweke kwenye begi.