Kufunga Rolibaa Katika Mazda MX-5 ya Kizazi cha Kwanza

Mazda MX-5, iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi Februari 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, ilitoka kiwandani bila kizuizi chochote cha chuma nyuma ya vichwa vya watu wawili wanaoketi ndani yake. Gari hilo likipinduka, kinachobaki kati ya kichwa na lami ni turubai la paa na fremu ya kioo cha mbele, ambayo haikuundwa kubeba uzito wa gari zima. Kwa sababu hiyo, wamiliki wengi wanaolipeleka kwenye viwanja vya mbio hufunga rolibaa, yaani upinde wa bomba la chuma unaosimama nyuma ya viti ukiwa na miguu miwili mikuu na mihimili miwili inayolala kuelekea nyuma. Maelezo yanayofuata yanahusu rolibaa ya kufunga kwa bolti, isiyohitaji kuchomelewa, katika magari ya 1989 hadi 1997. Kazi yenyewe humchukua mtu makini na msaidizi wake siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo haitumiki kutoboa bali kufungua, kupima na kurudisha.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kutofautisha rolibaa na mapambo. Madukani kuna pinde za chuma zinazong'aa, mara nyingi mbili ndogo nyuma ya kila kiti, ambazo hushikizwa kwenye nguzo za mikanda ya usalama kwa bolti chache na hazina mihimili ya nyuma. Hizo ni urembo mtupu, na nadhani ni hatari kuliko kutokuwa na kitu, kwa kuwa humpa dereva ujasiri asiostahili kuwa nao. Rolibaa ya kweli hutambulika kwa bomba lake. Kanuni za FIA, yaani shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, katika sehemu ya 253 ya Kiambatisho J, hutaka upinde mkuu uwe wa chuma cha kaboni kilichovutwa kikiwa baridi, kisicho na mshono, chenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Kanuni hizo pia hutaka mihimili ya nyuma iwe imenyooka, ianzie karibu na kilele cha upinde, na iachane na mstari wa wima kwa nyuzi zisizopungua 30. Gari la barabarani halibanwi na kanuni za mashindano, lakini hakuna kipimo kizuri zaidi cha kumpimia muuzaji.

Hapa ndipo panapofaa kumtaja fundi wa mageti na madirisha, ambaye atakuambia kwa moyo mweupe kwamba anaweza kukukunjia upinde kama huo kwa bomba la maji. Mshukuru kisha uende zako. Bomba la maji la mabati huwa na mshono, na chuma chake hakikukusudiwa kubeba mshtuko wa gari lenye uzito wa karibu tani moja. Likikunjwa bila mashine maalumu hubonyea ndani ya kona, na hapo ndipo litakapovunjika.

Jambo la pili la kufanya kabla ya kutoa fedha ni kupima kichwa chako. Keti katika gari, kiti kikiwa mahali unapoendeshea na mkanda ukiwa umefungwa, uvae kofia ngumu unayotumia uwanjani, kisha msaidizi anyooshe ufito kutoka kimo kitakachofikiwa na kilele cha rolibaa hadi ukingo wa juu wa fremu ya kioo cha mbele. Kofia yako inapaswa kubaki chini ya ufito huo, na viwanja vingi hudai nafasi ya milimita 50 kati ya hivyo viwili. Ikiwa kofia inapita juu ya ufito, gari likilala kifudifudi litaegemea kichwa chako kabla ya kuegemea chuma. Watu warefu hukumbana na tatizo hili mara nyingi katika gari hili dogo, na tiba yao ni kupunguza sponji ya kiti au kuweka kiti cha chini zaidi. Kuagiza rolibaa ndefu kupita kiasi hakusaidii, kwa kuwa turubai halitafunga tena. Ukumbuke vilevile kwamba upinde huchukua nafasi nyuma ya kiti, kwa hiyo kiti hakitarudi nyuma wala kulala kama zamani.

Jambo la tatu ni kutu. Rolibaa haina nguvu kuliko bati ililofungiwa, na magari haya yana umri wa kutosha kuwa yameoza mahali pasipoonekana. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai hupokewa na mfereji wa raba nyuma ya viti na kutolewa kupitia matundu mawili yaliyo nyuma ya milango, karibu na nguzo za mikanda. Matundu hayo yakizibwa na majani na vumbi, maji hufurika ndani, huloweka zulia, na kuoza kwa bati la pembeni huanza kutoka ndani kwenda nje. Inua zulia, gonga bati kwa mpini wa bisibisi, na uchokonoe uvungu wa madigadi za nyuma. Ukikuta bati linalotoa sauti ya debe bovu au linalotoboka, kazi ya rolibaa inasimama hapo hadi bati jipya litakapowekwa.

Ukiridhika na hayo, kazi inaweza kuanza. Betri ya gari hili haiko chini ya boneti bali ndani ya buti, upande wa kulia. Ondoa waya wa hasi kwanza. Toa viti vyote viwili, kila kimoja kimeshikwa na bolti nne, na ukumbuke kuchomoa nyaya za spika zilizo ndani ya kiti ikiwa gari lako lina aina hiyo. Fungua zipu ya dirisha la nyuma la plastiki na ulilaze juu ya taulo, kwa maana plastiki iliyozeeka hupasuka ikikunjwa. Kisha ondoa nati ndogo zinazoshikilia vipande vya bati vinavyobana ukingo wa nyuma wa turubai, mfereji wa maji na zulia kwa pamoja. Tumia mafuta ya kulainisha kutu na mkono mwepesi, kwa kuwa vijiti vya nyuzi vinavyoshika nati hizo hukatika kwa urahisi, na kijiti kimoja kilichokatika kinaweza kukuchukua muda mrefu kuliko kutoboa matundu yote. Ukingo wa turubai ukishaachia, sukuma paa lote mbele kuelekea kioo, kisha vuta zulia na kuliweka kando.

Sasa utaona wazi kwa nini kazi hii inahitaji heshima. Chini ya rafu ya bati iliyo nyuma ya viti limelala tangi la petroli, la lita 45 katika magari ya injini ya lita 1.6 na lita 48 katika yale ya lita 1.8, na upande wa kushoto wa gari hupita mipira ya kujazia mafuta na ya kupumulia. Baadhi ya matundu utakayotoboa yako sentimita chache kutoka hapo. Kutumia mafuta hadi yabaki kidogo kunapunguza uzito na hatari ya kumwagika, lakini mtu asidanganyike kwamba tangi tupu ni salama, maana mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, weka kizima moto karibu, na kama unanusa petroli kabla ya kuanza, tafuta kwanza inakotoka. Mashine ya kukatia inayorusha cheche haina nafasi katika eneo hili wakati tangi lipo. Ikiwa muundo wa rolibaa yako unadai sehemu ya nguzo ya mkanda ikatwe, tumia msumeno wa mkono, au shusha tangi kabisa.

Inua nyuma ya gari kwa jeki, uliegemeze juu ya stendi imara, na utoe matairi ya nyuma pamoja na plastiki za madigadi ili ufikie upande wa chini wa mahali miguu itakapokaa. Funika milango na nguzo kwa blanketi, kisha watu wawili waiteremshe rolibaa kutoka juu na kuiketisha mahali pake. Haitaketi sawasawa mara ya kwanza. Pima umbali kutoka kila mguu hadi nguzo ya mlango, pima pia kutoka kilele hadi kila kona ya fremu ya kioo cha mbele, na usogeze kidogo kidogo hadi vipimo vya kulia na kushoto vilingane. Kabla ya kuweka alama yoyote, rudisha turubai kwa muda na ulifunge kabisa, uone kama linagusa upinde au kama dirisha linasuguana na mihimili. Kasoro inayogunduliwa sasa hurekebishwa kwa kusukuma, lakini ikigunduliwa baada ya kutoboa hurekebishwa kwa fundi wa bodi.

Weka alama katikati ya kila tundu kwa panchi, uitoe rolibaa nje, kisha utazame na kupapasa chini ya kila alama, ukiwa na tochi, usije ukatoboa waya, mpira wa mafuta au bomba la breki. Anza na keekee ya milimita 3 na upande kwa hatua hadi kufikia tundu linalozidi kipenyo cha bolti kwa nusu milimita tu, kwa sababu tundu pana huruhusu mguu kucheza. Keekee inapopenya bati huruka mbele ghafla kwa sentimita kadhaa. Izuie kwa kuivisha kipande cha bomba kinachoacha nje ncha ya milimita 10 pekee. Alama ya tepu haitoshi, maana tepu haizuii kitu. Grisi kidogo kwenye ncha hunasa vumbi la chuma, ambalo lisipoondolewa kwa sumaku na mashine ya kufyonza huanza kushika kutu ndani ya siku chache na kuchafua zulia. Lainisha kingo za tundu kwa tupa na upake rangi ya kuzuia kutu, ukiipa muda wa kukauka hata kama subira inakwisha.

Mabamba ya chuma yanayowekwa upande wa chini wa bati, mkabala na kila mguu, ndiyo yanayofanya bati jembamba la gari listahimili mzigo, kwa hiyo hayana mbadala, na washa pana hazitoshi kuwa mbadala huo. FIA hutaka chini ya kila mguu mkuu kuwe na bamba la kuimarisha lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, na bolti zisizopungua tatu za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, za daraja la nguvu 8.8; kwa mihimili ya nyuma, eneo hilo ni sentimita za mraba 60 na bolti ni mbili. Bamba likikosa kulala sawasawa kwa sababu ya mkunjo wa bati, likunje lifuate mkunjo huo badala ya kulitegemea kukunjwa na bolti. Paka silikoni ya bodi kati ya bamba na bati ili maji ya barabarani yasipenye, ingiza bolti zote kwa mkono, na usikaze hata moja hadi zote ziwe zimeshika. Baada ya hapo kaza kwa zamu, mguu wa kulia kisha wa kushoto, kwa spana yenye kipimo. Ikiwa mtengenezaji hakutoa kiasi chake, bolti ya M8 ya daraja 8.8 hukazwa kwa takriban niutoni mita 25 na ya M10 kwa karibu 49. Ukiona bati linabonyea wakati unakaza, simama, kwa maana kuna uwazi kati ya matabaka mawili ya bati unaohitaji kijibomba cha kujazia kabla ya kuendelea.

Kurudisha vitu ndani ni kazi ya kawaida, ila zulia litahitaji kukatwa mahali pa miguu, na ni bora likatwe dogo kwanza. Mikanda ya asili ya pointi tatu ibaki na ipite bila kukunjwa na bomba. Anayetaka mikanda ya mbio aifunge kwenye bomba la mlalo lililoundwa kwa ajili hiyo, huku mikanda ya mabega ikienda nyuma na chini kidogo tu, FIA ikipendekeza isizidi nyuzi 10.

Kilichobaki ni sponji, na wengi huiacha hadi siku nyingine. Barabarani, bila kofia ngumu, gari likigongwa kwa nyuma kichwa huchapwa kuelekea bomba hilohilo lililowekwa kukiokoa. Tumia sponji ngumu ya rolibaa iliyopita kipimo cha SFI 45.1, kiwango cha Marekani cha sponji za rolibaa, si ile laini ya kufunikia mabomba ya maji, ambayo hubonyea yote kwa kidole kimoja, na uifunge kila mahali kichwa cha dereva au abiria kinaweza kufika, vifundo vya kamba za plastiki vikiwa upande usio wa kichwa. Hata ikiwa na sponji hiyo, nafasi kati ya kichwa na bomba ndiyo kinga ya kwanza, hivyo kiti kisilazwe hadi kiegemee upinde.

Baada ya kilomita mia moja hivi, pita tena kwenye kila bolti kwa spana ileile, kwa kuwa rangi na silikoni hujibana na kulegeza mkazo wa mwanzo. Siku hiyohiyo funga turubai, mwagia maji nyuma ya viti kwa ndoo, na uchungulie chini ya gari: maji yanapaswa kutoka kwa kasi pande zote mbili, mbele kidogo ya matairi ya nyuma, na zulia libaki kavu.