SOMO: Kuiona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini ya mkononi

Ndugu zangu wapenda anga, somo hili nimeliandaa kwa muda na nina hamu kubwa mlifanyie kazi. Kila wiki tunapeana habari za vyombo vinavyokwenda Mshtarii, ile sayari ambayo wengi mnaiita Jupita: Juno iliyofika huko Julai 2016, JUICE ya Ulaya iliyorushwa tarehe 14 Aprili 2023, na Europa Clipper ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyoondoka Florida tarehe 14 Oktoba 2024. Tunasoma, tunafurahi, tunapita. Lakini miezi ambayo vyombo hivyo vinaifuata unaweza kuiona mwenyewe ukiwa uani kwako. Ukishaiona kwa macho yako, habari hizo zinakuwa habari za mahali unapopajua.

Hatua ya 1: Pata darubini ndogo, tena iliyo imara

Nazungumzia darubini ya macho mawili, ile ambayo waongoza watalii huvaa shingoni. Juu yake pameandikwa namba mbili, kwa mfano 7x50 au 10x50. Ya kwanza ni idadi ya mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa kazi hii napendekeza 10x50. Hata 8x42 inafaa, na ya mtumba haina ubaya wowote mradi lenzi hazina ukungu wa kuvu ndani na picha za macho mawili zinakutana kuwa moja.

Msidanganyike na ukuzaji mkubwa. Mimi nilianza na teleskopu ya plastiki iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inakuza zaidi ya mara 500. Miguu yake ilitetemeka hata mlango ukifungwa, na kwa miezi mitatu sikuona chochote isipokuwa duara la ukungu linalochezacheza. Nilikaribia kuiacha kabisa elimu ya falaki. Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyeiona miezi hii kule mjini Padua Januari 1610, alitumia ukuzaji wa mara 20 hivi, na vioo vyake vilikuwa duni kuliko vya darubini utakayoipata leo.

Hatua ya 2: Ijue Mshtarii ni ipi

Mwezi ukiuweka kando, ni Zuhura tu ambayo kwa kawaida huishinda Mshtarii kwa mwanga. Zuhura haiendi mbali na Jua, kwa hiyo utaiona jioni upande wa magharibi au alfajiri upande wa mashariki, kamwe si usiku wa manane. Basi ukikuta saa sita usiku kitu cheupe chenye manjano kidogo, kinang'aa kuliko nyota zote na hakimetimeti, karibu kila mara hiyo ndiyo Mshtarii. Ukitaka uhakika, programu ya Stellarium ni ya bure na itakuonyesha.

Msimu wake mzuri hurudi kila baada ya miezi 13 hivi, pale Dunia inapopita katikati yake na Jua. Mwaka 2026 hilo liliangukia tarehe 10 Januari, na mara inayofuata ni Februari 2027. Mwishoni mwa Julai 2026 ni muda wa Mshtarii kufichwa na mwanga wa Jua, kisha kuanzia Septemba wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri wataikuta mashariki.

Hatua ya 3: Tuliza mkono

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo someni taratibu. Mkono wa binadamu hautulii. Mapigo ya moyo tu yanatosha kuifanya Mshtarii irukeruke kama kimulimuli, na miezi yake inapotelea kwenye hiyo michirizi.

Dawa yangu ni mpini wa jembe. Nasimamisha mpini ardhini mbele yangu, naweka darubini juu ya ncha yake, nazungusha ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli mara tatu hadi vishikane, kisha naketi kwenye kigoda na kuegemeza mgongo ukutani. Urefu wa mpini lazima ulingane na jicho lako ukiwa umeketi. Ukizidi, utainua shingo na mtetemo utarudi. Sayari ikiwa juu sana, lala chali kwenye mkeka, viwiko viguse chini, darubini itulie kwenye mifupa ya uso juu ya macho.

Sasa rekebisha ukali wa picha. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota yoyote iwe nukta kali kwa jicho la kushoto. Kisha fumba la kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Msitumie Mshtarii kwa kazi hii, mwanga wake ni mkali mno. Tumieni nyota ya kawaida iliyo karibu.

Hatua ya 4: Tazama, na usiwe na haraka

Dakika ya kwanza utaona kiduara kidogo cheupe tu. Endelea. Pumua taratibu, na mwisho wa kutoa pumzi, pale mwili unapotulia, utaona kitone kimoja chembamba kama ncha ya sindano karibu na sayari. Kisha kingine. Vyote viko kwenye mstari mmoja unaopita katikati ya Mshtarii, kama shanga kwenye uzi. Nukta iliyo nje ya mstari huo ni nyota ya mbali.

Usiku wangu wa kwanza niliona vitatu: viwili upande mmoja, kimoja upande wa pili. Nilimwamsha mke wangu. Akatazama, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hivi vilikuwepo siku zote?" Vilikuwepo, na miezi hii ina mwanga wa kutosha kuonekana hata bila darubini. Shida ni kwamba Mshtarii yenyewe inaifunika kwa ung'avu wake.

Hatua ya 5: Chora, kwa mashariki na magharibi

Bila daftari utakuwa umetazama tu. Chora duara dogo, weka nukta mahali ulipoziona, andika tarehe na saa.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi ya Ulaya na Marekani hayatuandalii sisi. Michoro yao huonyesha miezi ikiwa imelala, kushoto na kulia ya sayari. Sisi tulio karibu na ikweta, Mshtarii ikiwa inachomoza, huo mstari unasimama wima au karibu na wima: mwezi mmoja juu ya sayari, mwingine chini. Ikifika katikati ya anga mstari unalala. Ikizama unasimama tena, ila sasa umegeuka, na mwezi uliokuwa juu jioni unaweza kuwa chini alfajiri bila kuhama upande wake. Mimi nilichora "juu" na "chini" kwa wiki mbili nikidhani miezi inarukaruka hovyo.

Kwa hiyo andika "magharibi" kwa upande ambao sayari inaelekea, na "mashariki" kwa upande inakotoka. Kama hujui ni upi, acha darubini itulie bila kuigusa: Mshtarii itasogea polepole kuelekea ukingo mmoja wa duara la darubini. Huko ndiko magharibi.

Hatua ya 6: Rudia usiku kadhaa

Miezi hiyo minne kila mmoja una jina na mwendo wake: Io huizunguka Mshtarii kwa saa 42 hivi, Europa kwa siku tatu na nusu, Ganymede kwa wiki moja na saa chache, Callisto kwa siku karibu 17. Ukichora saa ileile kwa siku nne mfululizo, utaona nukta zikihama. Galileo alianza na tatu tarehe 7 Januari 1610, akapata ya nne tarehe 13, na zilimwonyesha wazi kwamba kuna vitu vya angani visivyoizunguka Dunia. Wewe utaliona hilohilo kwenye daftari la shule.

Onyo moja: usielekeze darubini kwenye Jua kamwe, hata kwa sekunde moja. Subirini lizame kabisa. Wenye watoto, darubini ikae mahali wasipofika mchana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Jana nimeona miwili tu, pande zote mbili nimetafuta. Darubini yangu ni mbovu?

Hapana ndugu yangu, iko sawa. Mwezi unaweza kuwa mbele ya Mshtarii, nyuma yake, au ndani ya kivuli chake. Io nayo haitoki mbali na sayari, hivyo kwa darubini ya mkononi mara nyingi inamezwa na mwanga. Mimi mwenyewe huipata kwa nadra. Callisto na Ganymede ndio rahisi.

Swali (Mombasa): Huku kwetu taa ni nyingi na hewa nzito. Inafaa kujaribu?

Inafaa sana. Taa za mji huua nyota hafifu, Mshtarii haziiwezi. Taa inayokuharibia ni ile inayokupiga machoni, basi simama nyuma ya ukuta. Kama unatoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache darubini nje dakika 20 kabla ya kuitumia, la sivyo lenzi zitatoa jasho.

Swali (Muscat): Ami, huku mstari haukusimama, umeinama. Nakosea wapi?

Hujakosea. Muscat iko kaskazini zaidi, ndiyo maana unainama. Ukiandika mashariki na magharibi, daftari lako na langu la Dodoma yatalingana. Tena mna bahati: mwanzoni mwa 2026 Mshtarii ilikuwa inapita karibu juu ya utosi wenu kabisa. Sisi tuliitazama kwa kuelekea kaskazini.

Swali (Tanga): Mama yangu ananikataza, anasema huu ni unajimu.

Msikilize kwa heshima, kisha mkaribishe atazame. Kupiga ramli kwa nyota ni jambo jingine. Hapa tunapima na kuandika tunachokiona. Wazee wetu wa pwani waliitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota, wakajua msimu, wakaacha msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huko ni kutazama anga kwa faida ya shamba na chombo baharini. Mwambie wewe unaendeleza kazi hiyo.

Swali (mwanafunzi, Malindi): Mwalimu, mbona mambo haya yote ni ya wenzetu?

Wewe wa Malindi ndiye usiyepaswa kuuliza hivyo! Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka San Marco, jukwaa la kurushia roketi hapo baharini kwenu, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru. Na siku moja tu baada ya JUICE kuondoka, tarehe 15 Aprili 2023, Kenya ilipata setilaiti yake Taifa-1, iliyorushiwa California. Kawaulize wazee wa kwenu kuhusu San Marco, kisha utuandikie.

Swali (Bujumbura): Europa Clipper ikifika, tutaiona kwa darubini?

Chombo chenyewe hatutakiona. Mabawa yake ya sola yana urefu wa mita 30 hivi, na huko ni zaidi ya kilomita milioni 600. Lakini kinatarajiwa kufika Aprili 2030, na mwezi huo Mshtarii itakuwa inachomoza mapema usiku, upande wa mashariki, mstari wake ukiwa umesimama. Europa itakuwa moja ya zile nukta. Mpini wangu wa jembe nimeshauwekea alama mahali pa kufunga mpira.